Mteja ataka waifai izimwe kwa kuogopa mionzi: fundi afanyeje?

SWALI

Asalaam aleikum. Kazi yangu ni kufunga na kutunza intaneti majumbani, Mji wa Kale wa Lamu na Shela. Mwezi huu wateja watatu wametaka nizime waifai.

Wa kwanza ni Bi. Mkubwa wa Mkomani. Ruta yake iko kwenye kidaka, lile shubaka la ukutani, cha chumba cha ndani, mita mbili hivi kutoka kitandani. Asema tangu ifungwe hapati usingizi na kichwa chamgonga, na kuna aliyemwambia ile ni mionzi kama ya hospitali. Wajukuu hawataki kusikia habari ya kuzima. Wa pili ni mgeni aliyepanga nyumba Shela kwa miezi miwili. Ataka nyumba nzima isiwe na waifai hata chembe, lakini kazi yake ni ya kompyuta na intaneti aihitaji kutwa. Mwenye nyumba yuko Mombasa na anategemea kamera zake nne za ulinzi, zote za waifai. Wa tatu ni mama mjamzito wa Langoni, yeye ataka izimwe usiku tu. Nilimwekea ratiba ndani ya ruta izime saa nne usiku, lakini yazima saa saba, na siku stima ikikatika haizimi kabisa.

Fundi mwenzangu ashauri nifiche jina la mtandao lisionekane kwenye simu, kisha niseme nimezima. Mwingine asema nibishane nao hadi waelewe. Sitaki kudanganya, na wateja siwezi kuwapoteza. Nifanyeje? Na nikiulizwa kama waifai ina madhara, nijibu nini?

Fundi, Mkomani

JAWABU

Waaleikum salaam, fundi.

Tuanze na ule ushauri wa kuficha jina, maana ndio wenye hatari. Kuficha jina si kuzima. Ruta iliyofichwa jina huendelea kujitangaza vilevile, mara kumi hivi kila sekunde. Inachoacha ni kulitaja jina tu. Programu yoyote ya bure ya kupima waifai itaionyesha, mahali pa jina pakiwa patupu na nguvu zake zikiwa zilezile. Mjukuu mmoja akiifungua programu hiyo mbele ya bibi yake, habari itafika Langoni kabla yako. Na hata isingejulikana, huyu ni mtu aliyekuambia anaogopa kitu kilicho chumbani anamolala. Kumdanganya hapo ni vibaya, basi.

Wala usibishane. Nyumba ni yake, na kuzima waifai hakumdhuru mtu. Wajibu wako ni kwamba ukizima iwe imezimika kweli, na kabla ya kuzima umweleze ni nini kitabaki kinawaka.

Kuhusu madhara: Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja, mionzi, mizigo mingi. Eksirei ni mionzi, tiba ya saratani ni mionzi, jua lina mionzi, na waifai nayo mionzi. Hofu ya Bi. Mkubwa imeingilia hapo. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kuharibu chembe za mwili. Waifai ni mawimbi ya redio, ya ukoo mmoja na yale yanayoleta taarifa ya habari, ila masafa yake, yaani mitetemo yake kwa sekunde, ni 2.4 GHz na 5 GHz (gigahezi). Punje moja ya mwanga wa taa ya chumbani ina nguvu zaidi ya mara laki moja kuliko punje ya wimbi la 2.4 GHz. Mawimbi haya yakiwa makali mno hupasha joto, na ndivyo maikrowevu inavyopika kwa wati mia saba au zaidi. Ruta ya nyumbani kwenye 2.4 GHz hutoa kama wati 0.1.

Hesabu hii ikariri, itakusaidia kuliko maneno mengi. ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka vikomo vya usalama, katika mwongozo wake wa 2020 inakubali wati 10 kwa kila mita mraba kwa mtu wa kawaida katika masafa haya. Wati 0.1 zikitawanyika pande zote, mtu aliye mita moja hufikiwa na miliwati 8 hivi kwa mita mraba, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya kikomo. Kitandani kwa Bi. Mkubwa, mita mbili, ni miliwati 2, sehemu moja ya elfu tano. Na hapo tumeifanya ruta kama inatuma bila kupumzika, ilhali muda mwingi huwa imenyamaza.

Mteja aliyesoma atakuambia Shirika la Afya Duniani limesema mawimbi haya huenda yakaleta saratani. Usimkatalie. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya shirika hilo inayochunguza saratani, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B. Iliyaweka humo hasa kwa tafiti za watu wanaozungumza sana na simu ikiwa sikioni, si kwa sababu ya ruta. Kundi hilo maana yake ni kwamba ushahidi uliopo ni hafifu na hautoshi kuhukumu. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limo humo. Kwa hiyo usiape kwamba ni salama asilimia mia, wala usitishe mtu. Toa hesabu, kisha mwachie mwenyewe aamue.

Kwa Bi. Mkubwa kuna jambo moja la kuchunga: usimfanye ahisi kwamba unaona anajitungia. Kichwa kinamuuma kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu 2005 kwamba dalili za watu wa namna hii ni za kweli, ila kwenye majaribio ambamo mtu hajui kama kifaa kimewashwa au la, dalili hazikufuatana na mawimbi. Ndiyo maana umwombe mwanawe ampeleke akapimwe presha hata kama utazima. Ukizima ukaondoka, na chanzo ni presha, waifai itakuwa imelaumiwa huku ugonjwa ukiendelea. Kisha tazama ile ruta yenyewe usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Taa zake zinapepesa kijani mbele ya uso wake? Adapta ya bei nafuu inalia kile kimlio chembamba? Hivyo vyatosha kumnyima mtu mzima usingizi. Kipande cha tepu nyeusi juu ya taa na adapta mpya ni kazi ya dakika tano. Matundu ya hewa ya ruta usiyazibe.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi, na kwa Lamu ndilo kubwa. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake karibu nusu mita. Mawimbi ya mnara yakifika chumba cha ndani yamekwisha nguvu, na simu inabaki na kijiti kimoja. Simu ya 4G hujipima: ikisikia mnara vizuri hunong'ona, ikisikia vibaya hupaza sauti hadi kufikia wati 0.2. Kati ya kunong'ona na kupaza, tofauti huweza kuzidi mara elfu moja. Ukizima waifai, wajukuu watarudi kwenye bando, na simu zitapaza sauti kutoka mkononi, kifuani na juu ya mto, si kutoka kidakani mita mbili. Yule anayeogopa mawimbi atakuwa ameongezewa. Mwambie hivyo kabla hujagusa swichi.

Ninavyoona mimi, kwake usianze kwa kuzima, anza kwa kuhamisha. Toa ruta chumba cha ndani uipeleke msana, yaani sebule ya mbele, upande wa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), walipo wajukuu. Umbali ukiongezeka kutoka mita mbili hadi sita, kinachomfikia kinapungua mara tisa, na ukuta utakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Kama ni faiba na kisanduku hakiwezi kuhama, zima waifai ya kisanduku, vuta waya mmoja hadi msana, ufunge hapo kituo kidogo cha waifai, nguvu zake uziweke kwenye kiwango cha chini katika mipangilio. Pima kwa ile programu pale wajukuu wanapokaa. Namba ikiwa −60 dBm hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni sawa, ikishuka chini ya −70 simu zitasuasua na kurudi kwenye bando, na umerudi ulikotoka. Simu ya Bi. Mkubwa mwenyewe isilale kwenye mto wa kulalia. Iwekwe nje ya chumba, au kwenye hali ya ndege.

Akikubali, na akikubali tu, kuna jaribio la siku kumi na nne. Mjukuu mmoja arushe sarafu kila usiku aamue kuwasha au kuzima, aandike bila kumwambia mtu, na taa za ruta zikiwa zimezibwa. Bibi naye kila asubuhi aseme alilala vizuri au vibaya, yaandikwe pembeni. Mwishoni mnalinganisha pamoja. Kufanya hivyo kwa siri ni kumchezea.

Mgeni wa Shela ni kazi ya waya, nayo ni kazi safi. Kwanza pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa ujumbe ulioandikwa, kwa sababu kamera ni zake. Usizime kitu kabla hazijahamia kwenye waya. Zigeuze uangalie: kamera nyingi za waifai zina tundu la waya wa mtandao, ila aliyefunga hakulitumia. Yenye tundu huhitaji waya tu, na itaendelea na adapta yake ya umeme. Isiyo nalo itabidi ibadilishwe kwa ile inayopata umeme na mtandao kwa waya mmoja, pamoja na swichi ya mtandao (kisanduku cha kugawa waya) inayotoa umeme huo, hadi wati 15.4 kwa kila tundu.

Waya wa mtandao nunua wa daraja la Cat6, ya shaba tupu, ya nje, isiyoliwa na jua. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba, ukiona weupe chini ya wekundu ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa hewa ya chumvi ya Shela viungo vyake havitadumu. Kwa nyumba ya ghorofa mbili yenye kamera nne, meza moja ya kazi na televisheni, waya sita za wastani wa mita 15 ni mita 90. Chukua 100, vichwa vya waya huo (RJ45) ishirini maana kadhaa vitaharibika, na swichi ya matundu manane. Waya mmoja usizidi mita 100.

Usikimbilie kutoboa kuta. Pitisha kwenye kiwanda na ngazi, funga kwenye boriti kwa vibano vya plastiki badala ya misumari, maana msumari hutoa kutu na chokaa hubanduka nao. Mji wa Kale umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Kazi kama hii ukiifanya kule, plasta ya zamani na safu za vidaka usiziguse bila kuwauliza kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa. Penye waya wa stima, kaa mbali nao sentimita 20 hivi, na ikibidi waya wako uuvuke, uuvuke kwa pembe mraba. Kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Rangi, kichwa kikiwa na ulimi upande wa chini, pini juu, na waya ukiingilia upande wako, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Kompyuta ikionyesha kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 badala ya 1,000, aghalabu ni uzi mmoja wa buluu au kahawia haukugusa. Kata kichwa, funga upya. Simu ya mgeni nayo huweza kutumia waya kwa kiunganishi cha USB-C chenye tundu la RJ45.

Hapo ndipo unapozima, na hapo ndipo kazi huharibika. Ruta nyingi zina redio mbili, ukizima ya 2.4 GHz ile ya 5 GHz inabaki. Nyumba za kuta nene huwa na vituo viwili au vitatu vya kuongeza waifai, na kimoja husahaulika nyuma ya kabati. Printa na televisheni hutangaza waifai zao wenyewe. Kitufe cha ruta chenye kazi mbili huhitaji kushikiliwa sekunde kadhaa, ukikigusa tu umefungua njia ya kuunganisha kifaa kipya, kinyume cha ulichotaka. Simu pia: waifai ikizimwa juu ya skrini, kuna mpangilio wa mahali ulipo unaoendelea kutafuta mitandao, nao uzimwe. Ukimaliza, zunguka kila chumba na ile programu ya kupima. Mitandao itakayobaki ni ya majirani, mwonyeshe mgeni umwambie wazi kwamba hiyo huna mamlaka nayo. Na kama intaneti ya nyumba huja kwa antena ya juu ya paa, mwambie na hiyo: inatuma kuelekea mnarani, si ndani ya nyumba, lakini inatuma, na ikizimwa hana intaneti.

Mama wa Langoni tatizo lake ni saa. Yazima saa saba badala ya saa nne, yaani imechelewa saa tatu kamili, na hiyo ndiyo tofauti ya Nairobi na GMT. Ruta haikuambiwa iko wapi. Weka ukanda wa saa wa Nairobi, GMT+3, uzime kile kipengele cha kubadili saa za kiangazi, na uandike 22:00 hadi 06:00. Mwenye nyumba akijiwekea mwenyewe, mwangalie: saa nne yetu ruta huisoma alfajiri, ukiandika 4:00. Ruta nyingine hukataa ratiba inayovuka usiku wa manane, hizo zipe ratiba mbili, 22:00 hadi 24:00 na 00:00 hadi 06:00.

Siku za stima kukatika sababu ni nyingine. Ruta ya nyumbani haina betri ya kutunza saa. Ikiwaka tena hujiona iko mwaka 1970 au 2000 hadi iulize saa kwenye mtandao, na isipopata jibu ratiba hailali wala haiamki. Jaza anwani za saa za mtandao mbili, kwa mfano pool.ntp.org na time.google.com, kisha chomoa umeme, subiri dakika moja, rudisha, utazame kama saa imerudi sahihi. Weka ratiba ya majaribio ya dakika tano mbele uione ikizima kwa macho yako. Ikigoma bado, tumia soketi ya taima ya kidijitali yenye betri. Zile za kuzungusha husimama stima ikikatika na kuanza kuchelewa. Mkumbushe kwamba waifai ikizimika simu yake itahamia kwenye bando, kwa hiyo usiku iwe hali ya ndege, isiwe karibu na tumbo. Hesabu ya mita moja na mbili ni ileile kwake.

Mmoja wao atakuuliza kuhusu stika za kubandika kwenye simu au vidani vya kuzuia mionzi. Usiuze, usifunge. Stika ikizuia mawimbi kweli, simu itapaza sauti zaidi. Na vidani, Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitoa onyo kwamba baadhi ya bidhaa za namna hiyo zilipopimwa zilikutwa zenyewe zinatoa mionzi hatari, ile ya kweli ya kung'oa elektroni.

Malipo yako yawe ya waya, vifaa na saa za kazi, kama kazi nyingine yoyote. Ukimaliza, bandika karatasi nyuma ya ruta: tarehe, redio zilizozimwa, vituo vingapi vipo na viko wapi, namna ya kuwasha tena. Kisha umpigie mtoa huduma umwambie waifai imezimwa kwa ombi la mteja, kwa sababu wengi hurekebisha mipangilio wakiwa mbali, na kila ruta inaporudishwa kwenye hali ya kiwandani waifai huwaka. Mteja akikupigia kwamba imejiwasha yenyewe, angalia hapo kwanza.